Bellamy: Mwingereza aliyewachorea watoto nyika ya Afrika Mashariki

ILIKUWA Agosti 1960. Nchini Tanganyika, uchaguzi wa mwishoni mwa mwezi huo ulikipa chama cha TANU viti 70 kati ya 71, na siku chache baadaye Julius Nyerere akawa Waziri Kiongozi. Nchini Kenya, Jomo Kenyatta alikuwa angali kizuizini Lodwar, ilhali mazungumzo ya Lancaster House ya mwanzoni mwa mwaka huo yalikuwa yamekwisha kumwonyesha kila mwenye macho kwamba enzi ya mlowezi ilikuwa inayoyoma.

Mwezi uo huo, katika vibanda vya magazeti vya Uingereza, wavulana waliolipia nakala yao ya jarida la Eagle walikutana na mhusika mpya. Jina lake lilikuwa Martin Fraser, mwindaji Mzungu mwenye kazi ya kuongoza safari katika nyika ya Afrika Mashariki. Hadithi iliitwa Fraser of Africa, ikatungwa na mwandishi wa riwaya George Beardmore. Mchoraji wake aliitwa Frank Bellamy.

Wavulana wengi wa wakati huo walisahau visa vya Fraser upesi. Michoro hawakuisahau. Zaidi ya miaka 60 baadaye, wakusanyaji wa majarida ya zamani ya watoto wa Uingereza wangali wanazitafuta kurasa hizo kwa bidii, na kwa wengi wao zinahesabiwa miongoni mwa kazi bora kabisa zilizowahi kuchapishwa katika jarida la watoto nchini humo. Cha ajabu ni kwamba mtu aliyezichora hakuwa amewahi kuiona Afrika Mashariki kwa macho yake.

Frank Alfred Bellamy alizaliwa Mei 21, 1917, katika mji wa Kettering, eneo la Northamptonshire, katikati ya Uingereza. Kettering ulikuwa mji wa viwanda vya viatu, na kijana wa familia ya kawaida hapo alitarajiwa kuishia kwenye ngozi na nyundo. Bellamy alipenda kuchora tangu akiwa mdogo sana, na kilichomvutia kuliko vyote ni wanyama wakubwa wa Afrika: simba, ndovu, nyati. Mapenzi hayo hayakumtoka hata alipokuwa mtu mzima mwenye mke, mtoto na kodi ya nyumba.

Alipomaliza shule aliajiriwa katika karakana moja ya michoro ya matangazo mjini mwao, akianzia kazi za utarishi kabla ya kukabidhiwa brashi. Hakupitia chuo kikubwa cha sanaa. Aliyoyajua aliyajua kwa kuyafanya: maandishi ya matangazo, mabango ya sinema, picha za bidhaa za madukani. Baadaye watu walipoushangaa uhodari wake wa kupanga ukurasa mzima kama bango moja, hawakuhitaji kwenda mbali kutafuta chanzo. Mtu aliyejifunza kumsimamisha mpita njia kwa picha moja hawezi kuuchora ukurasa kama safu ya masanduku yanayofanana.

Vita vya Pili vya Dunia vilimtoa Kettering. Aliingizwa jeshini, akapelekwa kaskazini mwa Uingereza katika eneo la Durham, na huko akakutana na Nancy, binti waliyeoana mwaka wa 1942. Mwana wao alizaliwa vita vikiendelea. Amani iliporejea, Bellamy alirudi kwenye karakana yake ya zamani, lakini mji ulikuwa umekwisha kuwa mdogo kwake. Mwaka wa 1949 alihamia London, akafanya kazi katika studio ya matangazo mtaa wa Fleet Street, uliokuwa makao makuu ya magazeti ya Uingereza, na hatimaye familia ikapata makazi Morden, kusini mwa jiji.

Alifika London wakati mwafaka. Mnamo Aprili 14, 1950, kasisi wa Kianglikana aitwaye Marcus Morris alizindua jarida la kila wiki la Eagle. Morris alikuwa amechukizwa na majarida ya kutisha yaliyokuwa yakiingia kutoka Marekani, akaamini kwamba mtoto anaweza kupewa visa vya kusisimua bila kumwagiwa damu na uchafu. Pamoja na mchoraji Frank Hampson, alitoa jarida lenye kurasa pana, karatasi nzuri na rangi zilizochapwa kwa ustadi ambao watoto wa nchi iliyokuwa ingali inagawiwa chakula kwa kadi hawakuwa wameuona. Nakala za toleo la kwanza zilikaribia milioni moja. Shujaa wake mkuu alikuwa Dan Dare, rubani wa anga za juu aliyebuniwa na Hampson.

Bellamy hakuingia Eagle kwa mlango wa mbele. Kazi yake ya awali humo ilikuwa tangazo la dawa ya meno lililochorwa kwa mtindo wa hadithi. Kisha alichorea jarida la Mickey Mouse Weekly, na kuanzia 1954 akawa mchoraji wa Swift, mdogo wake Eagle, lililolengwa kwa watoto wa umri wa chini. Humo alichora visa vya Mfalme Arthur na vya Robin Hood, wiki baada ya wiki, kwa wino mweusi. Aliyezipitia kurasa hizo kwa mfululizo huona jambo moja waziwazi: mtu anayejifunza hadharani, ambaye farasi wake wa mwaka wa pili ni bora kuliko wa mwaka wa kwanza, na wa mwaka wa tatu wanaonekana kutaka kuruka nje ya karatasi.

Mwaka wa 1957 aliitwa Eagle kwa kazi iliyomtia wasiwasi. Ukurasa wa nyuma wa jarida hilo ulikuwa ukitengewa maisha ya watu mashuhuri, na safari hii ilikuwa zamu ya Winston Churchill, ambaye alikuwa angali hai. Kumchora mtu aliyekufa miaka mia tatu iliyopita ni kazi moja. Kumchora mtu ambaye kila msomaji anaijua sura yake, na ambaye mwenyewe anaweza kulifungua jarida akajitazama, ni kazi nyingine. Bellamy alianza kwa tahadhari, visanduku vimepangwa kwa adabu. Hadithi ilipofika kwenye vita alijiachia. Moshi, miali ya mizinga na anga la usiku vikaanza kuvuka mipaka ya visanduku, na wahariri waliokuwa na hofu wakanyamaza. Baada ya Churchill alipewa maisha ya Mfalme Daudi wa Biblia, kisha safari za Marco Polo.

Kazi hii ya tatu hakuimaliza. Mwaka wa 1959 Eagle lilikuwa limebadilisha wamiliki, na wamiliki wapya walitaka Dan Dare afanyiwe ukarabati. Hampson, aliyembuni shujaa huyo na kumjengea ulimwengu mzima, aliachana naye. Bellamy akatakiwa ashike nafasi yake: abadilishe vyombo vya anga, abadilishe sare, aufanye ulimwengu wa Hampson uonekane mpya.

Hapa ndipo tabia ya Bellamy inapojidhihirisha. Hakufurahia kuvaa viatu vya mtu mwingine, hasa vya mtu aliyemheshimu. Alikubali kwa mwaka mmoja tu. Kwa miezi hiyo yote alichora ukurasa wa mbele huku wachoraji waliokuwa wasaidizi wa Hampson wakichora wa pili, kila upande kwa mkono wake, na wasomaji wakiona bayana mshono ulipopita. Mashabiki wa Dan Dare wamebishana juu ya mwaka huo tangu wakati huo, na hawaelekei kuafikiana. Kwa Bellamy mwenyewe ulikuwa daraja la kumfikisha alikotaka, kwani ulipokwisha, Julai 1960, kazi iliyomngoja ilikuwa ile aliyoiota tangu utotoni: Afrika.

Alichokifanya kwanza ni kuzikataa rangi. Eagle lilijivunia wekundu wake, bluu yake na kijani chake, na mchoraji mwingine angeijaza Afrika kasuku na machweo ya moto. Bellamy alichagua rangi za kahawia, manjano iliyofifia na ya udongo, akabaki nazo karibu katika kila ukurasa. Rangi nyingine ilipojitokeza ilikuwa na sababu. Matokeo yake ni kurasa zinazoonekana kama zilizoachwa juani. Mtoto wa Leeds au Glasgow huenda alizidhani ni ubunifu wa kisanii. Lakini msomaji wa Kisegi, aliyezoea kuliona Bonde la Lambwe na mbuga ya Ruma pale mvua inapochelewa, nyasi zimekauka na vumbi limetua juu ya kila jani, angetambua kwamba mtu huyu alichora rangi iliyopo.

Wanyama nao hakuwabahatisha. Bellamy alikusanya vitabu na picha kwa wingi, akazihifadhi ili asichore kwato ya swala mmoja kwenye mguu wa mwingine. Zaidi ya hayo, msomaji mmoja wa Eagle aliyekuwa akiishi Afrika Mashariki aliandikiana naye, akimsaidia kuhakikisha kwamba alichokichora kilifanana na kilichoko. Kwa kazi iliyolipwa kwa ukurasa, na iliyotarajiwa kufungiwa chipsi baada ya juma moja, hiyo ilikuwa bidii ya kupita kiasi.

Aidha, alikuwa na namna yake ya kuutumia ukurasa. Mti wa mgunga ungeweza kuanzia kisanduku cha chini na kutandaza matawi yake juu ya visanduku vingine vitatu. Jua kali lilionyeshwa kwa kuacha karatasi tupu pale ambapo mchoraji mwoga angejaza mistari. Ukimya wa nyika, ambao ni kitu kigumu mno kuchora, aliupata kwa kumweka binadamu awe mdogo sana pembeni mwa uwanda mpana.

Yote hayo ni sifa za mkono wa Bellamy. Hadithi yenyewe ni suala jingine, na hakuna haja ya kulifunika. Fraser of Africa ilidumu mwaka mmoja, kuanzia Agosti 1960 hadi Agosti 1961. Katika mwaka huo Nyerere alitoka kuwa Waziri Kiongozi akawa Waziri Mkuu, Mei 1961, na Tanganyika ikawa inahesabu miezi kuelekea Uhuru wa Desemba 9. Kenyatta alihamishwa kutoka Lodwar hadi Maralal, na mwezi uo huo Fraser alipotoweka katika kurasa za Eagle, Kenyatta aliachiliwa huru. Ilhali ndani ya jarida, mtu aliyeijua nchi, aliyesoma nyayo, aliyeamua nani apone na nani akamatwe, na aliyewaandama wawindaji haramu wa pembe za ndovu kana kwamba nyika yote ilikuwa shamba lake, alikuwa Mzungu mmoja mwenye bunduki.

Bellamy hakuitunga hadithi hiyo, wala hapana dalili kwamba alijishughulisha na siasa zake. Hata hivyo mchoraji hushuhudia kwa mkono wake, na ushahidi wa mkono huu una pande mbili. Waafrika wa Bellamy wana nyuso za watu. Wana umri, wana mashavu na makunyanzi yanayotofautiana, wanasimama kama watu wanavyosimama. Hili lilikuwa jambo adimu kuliko linavyosikika leo. Jarida la The Beano, lililoanza Julai 1938 na ambalo wakusanyaji hulitukuza, liliweka juu ya jalada lake mtoto mweusi aliyechorwa kwa kejeli, naye akakaa hapo kwa miaka mingi. Vitabu vya mwaka vya watoto wa Uingereza vya kipindi hicho vimejaa sura za aina hiyo, midomo mikubwa na macho ya kutumbua, na mkusanyaji yeyote mkweli anajua kwamba rafu yake imebeba fedheha hiyo pamoja na kumbukumbu tamu za utoto. Bellamy hakuichora fedheha hiyo. Lakini hakupewa, na pengine hakuomba, hadithi ambayo mmoja wa watu hao aliowachora vizuri angekuwa ndiye mwenye safari.

Inafaa kukumbukwa kwamba wakati uo huo wasomaji wa Kiswahili walikuwa na wahusika wao wa kuchorwa. Juha Kalulu, aliyebuniwa na Edward Gitau, alikuwa amezaliwa katika miaka ya hamsini, akaja kuwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Kalulu hakuwa na bunduki wala gari la safari. Alikuwa na njaa, na jirani, na mipango isiyofaulu. Ukiziweka karatasi hizo mbili juu ya meza moja, Eagle ya 1960 na gazeti la Nairobi la miaka hiyo, unapata picha mbili za nchi zilezile ambazo hazifahamiani kabisa.

Baada ya Fraser, Bellamy alichora maisha ya jenerali Montgomery, kisha kuanzia 1962 akakabidhiwa kurasa mbili za katikati ya Eagle kwa kisa cha kale kiitwacho Heros the Spartan, kilichotungwa na Tom Tully. Wengi huona kwamba ustadi wake ulifikia kilele hapo. Majeshi mazima hupambana katika ukurasa mmoja, na bado jicho linajua lianzie wapi. Mwaka wa 1966 alihamia jarida la TV Century 21 kuchora Thunderbirds, hadithi iliyotokana na mchezo maarufu wa televisheni wa vikaragosi. Vikaragosi vya televisheni vilikuwa na nyuzi na nyuso ngumu; vya Bellamy vilikuwa watu wenye jasho. Alichorea pia jarida la Radio Times la BBC, likiwemo jalada la Januari 1972 la mchezo wa Doctor Who ambalo mashabiki wa mchezo huo hulihifadhi hadi leo.

Mwaka wa 1971 alianza kazi ya mwisho ya maisha yake: Garth, shujaa wa gazeti la kila siku la Daily Mirror. Hakukuwa na rangi wala ukurasa mpana, ila ukanda mwembamba wa visanduku vitatu kwa siku, siku sita kwa wiki. Wachoraji wengi hujiona wameshushwa cheo wanapopelekwa kwenye kazi kama hiyo. Bellamy aliifanya kwa nukta na mistari ya wino, uangalifu uleule. Mwaka huo huo wenzake wa Marekani walimtunukia tuzo ya mchoraji bora wa nje ya nchi yao kupitia Academy of Comic Book Arts. Nchini mwake, ambako mamilioni walikuwa wametazama michoro yake bila kuuliza ni ya nani, kwa kiasi kikubwa alibaki mtu wa barua za mashabiki wachache.

Hata hivyo jina lake lilikuwepo pale chini, pembeni ya ukurasa, kwa herufi zake zinazotambulika. Wengi wa wachoraji wa majarida ya watoto wa Uingereza walifanya kazi maisha yao yote bila kuruhusiwa kutia sahihi. Kuna waliofanya kazi miaka 30 wakafa bila msomaji hata mmoja kulijua jina lao, na kazi ya wakusanyaji wa leo, sehemu kubwa, ni kuyafufua majina hayo kwa kulinganisha mikono, ukurasa kwa ukurasa. Kwa Bellamy hawakuhitaji kuhangaika. Aliweka sahihi.

Michoro asilia haikuwa yake lakini. Kwa desturi ya biashara hiyo, ubao aliouchora mtu kwa siku kadhaa ulikuwa mali ya mchapishaji mara tu ulipolipiwa. Ilirundikwa katika maghala, mingine ikagawiwa wageni, mingine ikapotea. Hampson alikuwa na kilio hicho hicho, na kikubwa zaidi: Dan Dare mwenyewe hakuwa mali yake, na aliishi hadi 1985 akimwona mwanawe wa kubuni akichumiwa na wengine. Leo ubao mmoja wa Bellamy wenye rangi ukijitokeza katika mnada huuzwa kwa maelfu ya pauni. Fedha hizo hazipiti karibu na familia ya mchoraji isipokuwa kwa bahati.

Eagle lilifungwa Aprili 1969. Wavulana wake walikuwa wamekuwa wanaume wenye ajira, na baadhi yao wakaanza kuzitafuta nakala walizotupa mama zao. Kumbe hazikuwa nyingi kama walivyodhani. Majarida haya yalichapwa kwa mamilioni, lakini hakuna aliyetarajia yaishi. Ya kabla ya vita yalimalizwa na ukusanyaji wa karatasi kuukuu wakati wa vita. Ya baadaye yalikatwa na watoto wenyewe, waliobandika picha za injini na vyombo vya anga ukutani. Ndiyo sababu nakala nzima, isiyokatwa, ina thamani kuliko wingi wake wa zamani. Toleo la kwanza la The Dandy, la Desemba 1937, liliuzwa mwaka wa 2004 kwa zaidi ya pauni 20,000, na kilichopandisha bei hiyo ni filimbi ndogo ya bati iliyotolewa bure pamoja na jarida, ambayo mtoto fulani, kinyume cha desturi ya watoto wote duniani, hakuipoteza.

Vitabu vya mwaka vina historia tofauti kidogo. Hivi vilikuwa na jalada gumu, vilitolewa kabla ya Krismasi, na vilinunuliwa na shangazi na wajomba kama zawadi. Kwa kuwa vilikuwa zawadi vilihifadhiwa, na kwa kuwa vilihifadhiwa ni vingi na bei yake ni ya chini. Mkusanyaji anapokishika kimoja hutazama kwanza mgongo, kama haujapasuka. Kisha kona ya ndani, kama bei haikukatwa kwa mkasi ili mpokeaji asiijue. Kisha kurasa za mafumbo, kama hazikujazwa kwa penseli. Karibu kila kimoja kina mahali pa mmiliki kuandika jina lake. Wakusanyaji wakali hutaka pawe patupu. Wengine, na huenda hao ndio wenye haki, hupenda kukuta jina la mtoto aliyejifunza kuandika juzi, na mwaka.

Ni watu wa namna hiyo waliomrudisha Bellamy. Mwaka wa 1981 maisha ya Churchill na Montgomery aliyoyachora yalikusanywa katika kitabu kimoja, High Command. Mwaka wa 1988 wapenzi wa Eagle walianzisha chama chao na jarida lao la kila robo mwaka. Mwaka wa 1990 Fraser of Africa ikatolewa katika kitabu kipana, na watu waliokuwa hawajazaliwa ilipochapwa mara ya kwanza wakaiona nyika ile ya kahawia. Heros naye alifuata mwaka wa 2013. Miongoni mwa wachoraji waliokiri deni lao kwa Bellamy ni Dave Gibbons, aliyechora Watchmen, kitabu kilichobadilisha namna dunia inavyoyatazama masimulizi ya picha.

Wasomaji hao wapya wa 1990 hawakuisoma kama walivyoisoma wavulana wa 1960. Fraser mwenyewe alikuwa amechakaa, pamoja na dhana nzima kwamba nyika hizi zilikuwa bila mwenyewe hadi alipofika mgeni mwenye kofia pana. Kilichobaki kisichochakaa ni tembo anayetoka vumbini, vivuli vya adhuhuri, na wale wasaidizi wa safari waliosimama nyuma ya shujaa, ambao mchoraji aliwapa nyuso kwa uangalifu kuliko mwandishi alivyowapa maneno.

Bellamy hakuviona vitabu hivyo. Mwaka wa 1975 yeye na Nancy waliihama London wakarudi Kettering, alikozaliwa, na akaendelea kuchora Garth akiwa huko. Julai 5, 1976, mshtuko wa moyo ulimchukua ghafla akiwa na umri wa miaka 59. Gazeti lilikuwa na visanduku vyake vya siku zilizokuwa zikifuata, kwa hiyo kwa muda mfupi wasomaji wa Daily Mirror waliendelea kupata kazi mpya ya mtu aliyekwisha kufariki. Kisha mchoraji Martin Asbury akaupokea ukanda huo na kuuendeleza kuanzia pale mkono wa Bellamy ulipokuwa umeishia.